Mashine ipi kwa boti ya alumini ya futi 12?

Msomaji ameuliza hivi:

"Nina boti ya alumini ya futi 12, tumbo lake ni V isiyo kali, uzito wake mtupu kilo 65. Kibao kilichogongwa tezini, yaani nyuma ya boti, kinasema: watu 3 au kilo 190, mzigo wote pamoja na mashine kilo 260, nguvu isizidi farasi 10. Navua ziwani na mwenzangu, mimi nina kilo 78 na yeye 72. Wikendi mwanangu wa miaka 12, mwenye kilo 38, huja nasi. Tunapovua ni karibu kilomita 3 kutoka ufukoni. Mara chache tunashuka na mto hadi kwenye maji ya chumvi. Nimeonyeshwa mashine mbili. Moja ni kuukuu, farasi 15, ya kuchanganya oili. Nyingine ni mpya, farasi 6, ya mipigo minne, shafti ndefu. Muuzaji anasema urefu wa shafti si hoja, na kwamba ile ya 15 nitaifungua nusu tu. Nichukue ipi? Na je, ya umeme ingenifaa?"

Ndugu yangu, kwa jinsi mashine hizo mbili zilivyo, sikushauri uchukue hata moja. Ya farasi 15 imeizidi boti yako. Ya farasi 6 inaifaa kwa nguvu lakini yaelekea haiifai kwa mguu, yaani urefu wa shafti inayoshuka majini. Unayoihitaji ni hiyohiyo ya farasi 6, ila yenye shafti fupi, na usilipe chochote kabla hujaupima ubao wa tezi kwa mkono wako. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu umeleta vipimo, na mwenye kuleta vipimo anastahili kufanyiwa hesabu.

Naanza na shafti, maana hapo ndipo muuzaji amekupotosha. Mashine za kupachika nyuma hutengenezwa kwa urefu uliopangwa. Shafti fupi ni ya ubao wa tezi wenye kimo cha inchi 15, yaani sentimita 38. Shafti ndefu ni ya inchi 20, sentimita 51. Ipo pia ya inchi 25 kwa vyombo vikubwa. Kimo hicho hupimwa katikati ya tezi: anzia ukingo wa juu wa ubao, pale vibanio vya mashine vinapokaa, ushuke wima hadi chini kabisa ya tumbo la boti. Usipime pembeni, kwa sababu tumbo la V limeshuka zaidi katikati na pembeni utapata kipimo kifupi kuliko ukweli. Boti nyingi za alumini za futi 12 zina ubao wa inchi 15, lakini nimekutana na za inchi 20 pia. Pima ya kwako.

Kisha itazame mashine yenyewe. Juu kidogo ya propela kuna bapa pana lililolala. Kazi yake ni kuizuia propela isivute hewa kutoka juu ya maji. Mashine ikikaa vizuri, bapa hilo huwa usawa mmoja na chini ya boti, au limeshuka sentimita 2 hadi 3 tu. Ukiweka shafti fupi kwenye ubao mrefu, propela itakula hewa: mashine italia kwa sauti kali na boti haiendi, na tundu za kunyonya maji ya kupozea zinaweza kubaki nje kila boti inaporuka wimbi. Ukiweka shafti ndefu kwenye ubao mfupi, kama anavyotaka muuzaji wako, mguu utazama sentimita 13 zaidi ya inavyotakiwa. Hizo sentimita 13 utaziburuta kila safari. Zinakula nguvu ya mashine ambayo haikuwa nyingi tangu mwanzo, zinarusha maji nyuma, na mkiingia kina kifupi mguu unagonga jiwe wakati tumbo la boti bado lina nafasi ya kupita. Wapo wanaoongeza kipande cha mbao juu ya ubao ili kuinua mashine. Kazi hiyo inafanyika, nimewahi kuwafanyia watu wenye mashine ambazo tayari walikuwa nazo. Lakini unakuwa umeuinua uzito na kuupa mkono mrefu wa kuupinda ubao kila unapofungua petroli, na kwenye alumini nyembamba hilo silipendi. Kwa mashine mpya inayopatikana pia kwa shafti fupi, sioni sababu ya kuanza maisha yake kwa kiraka.

Sasa mzigo. Kila anayekuja kuniuliza huanza na farasi, nami kila mara humwomba kwanza anitajie kilo. Tuhesabu siku yako ya kawaida. Wewe na mwenzako ni kilo 150. Mashine ya farasi 6 ya mipigo minne ina uzito wa kama kilo 27. Tenki la pembeni la lita 12 likijaa ni kilo 11 hivi, kwa kuwa lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo na chombo chenyewe kina uzito wake. Nanga na kamba, kilo 8. Makasia, 4. Majaketi ya kuokolea, 2. Nyavu na mishipi, tuseme 15. Sanduku la barafu, 18. Jumla ni kilo 235. Kibao kinasema 260. Umebakiwa na kilo 25, na hizo ndizo nafasi ya samaki, ambao watu husahau kuwahesabu kwa sababu asubuhi hawamo.

Mwanao akiingia na kilo zake 38, mmefika 273 kabla hamjashusha mshipi hata mmoja. Hapo tayari mmepita. Nitarudi kwake baadaye.

Ukijumlisha na boti yenyewe, kilo 65, kinachosukumwa ni kilo 300. Namba hiyo ndiyo inayoamua mwendo. Boti ndogo ina namna mbili za kwenda. Ya kwanza ni kulima maji: tumbo limezama, omo, yaani mbele ya boti, inapasua njia, na wimbi la boti yenyewe linaifungia mwendo. Kikomo hicho kinategemea urefu wa sehemu iliyo majini, na kwa boti ya futi 12 ni karibu kilomita 8 kwa saa. Ili kufika hapo, farasi 2 au 3 zinatosha siku ya shwari. Namna ya pili ni boti kupanda juu ya wimbi lake na kuteleza, na hapo unaweza kwenda kilomita 25 kwa saa au zaidi. Kati ya hizo mbili kuna kilima. Mashine isiyoweza kukipanda huishia kuinua omo juu, kuzamisha tezi na kuchoma petroli, huku mwendo ukiongezeka kidogo mno.

Kipimo ninachotumia kwa boti za namna yako: kila farasi mmoja akibeba kilo 20 hivi, boti inapanda bila shida. Akibeba 25, inapanda kwa kusuasua na mtu mmoja lazima asogee mbele. Akipita 30, usiitegemee. Mashine ya farasi 6 kwa kilo 300 ni kilo 50 kwa kila farasi. Haitapanda. Itakupeleka kilomita 8 hadi 10 kwa saa, basi. Ile ya farasi 15 ingekuwa kilo 21 kwa farasi, nayo ingepanda, na najua ndicho kilichokuvutia. Ya farasi 9.9, ambayo kibao chako kinairuhusu, ina uzito wa kama kilo 40. Mkiwa wawili na vyombo vyote kila farasi angebeba karibu kilo 32, kwa hiyo ingekukatisha tamaa. Ukiwa peke yako ingekuwa 24, nayo ingepanda ukijua pa kukaa.

Tupime faida yenyewe. Kilomita 3 kwa mwendo wa kulima maji ni dakika 20. Kwa kuteleza ni dakika 7. Unapigania dakika 13. Kama ungekuwa unavua kilomita 12 kutoka ufukoni ningekuambia uuze boti na utafute ya futi 14 yenye tezi pana, kisha tuzungumze habari za farasi 15 au 20. Kwa kilomita 3, dakika hizo hazilingani na kile unachokiweka hatarini.

Maana hatari ipo, na nataka uione vizuri. Boti ya futi 12 yenye ubao wa inchi 15, ikiwa na mashine nzito nyuma, tenki nyuma na mshika usukani nyuma, inabaki na kimo kidogo sana cha tezi juu ya maji. Ukija kwa kasi kisha ukafunga petroli ghafla, boti inashuka kutoka kwenye kilima chake, na lile wimbi ililokuwa imeliacha nyuma linaifikia na kuingia juu ya ubao. Mara moja tu linatosha kuleta ndoo kadhaa za maji, maji yanakimbilia palepale tezini penye uzito, na wimbi la pili halihitaji kuwa kubwa. Boti nilizoitwa kwenda kuziopoa karibu zote zilijaa maji kwa nyuma.

Na mashine ya nguvu kupita kiasi inayoongozwa kwa mkono ina tabia nyingine. Mkono ukiponyoka kwenye usukani kwa kasi, mguu wa mashine unajikunja upande wenyewe, boti inakata kona kali, mtu anarushwa nje, na boti inaendelea kuzunguka na propela yake ikimrudia aliye majini. Ndiyo maana mashine zina uzi wa usalama, ule mwekundu unaozima injini ukichomoka. Ufunge mguuni au kwenye jaketi kila siku, hata kwa mashine ya farasi 6, hata kwa safari ya kusogea mita 100.

Kuhusu ahadi ya "nitaifungua nusu tu", nimeisikia mara nyingi na sijawahi kuikubali. Uzito wa mashine haupungui ukifungua nusu. Na ipo siku wingu litakuja jeusi, au mwenzako ndiye atakayeshika usukani, na mkono utazungusha hadi mwisho. Kibao cha farasi kimewekwa kwa ajili ya siku hiyo. Hakikubuniwa ovyo, pia. Kwa boti ndogo, kanuni ya Marekani huzidisha urefu kwa upana wa tezi, vyote kwa futi. Boti ya futi 12 yenye tezi ya futi 3.75 inatoa 45, na jibu la kati ya 43 na 45 linapewa farasi 10. Jibu la 46 hadi 52 linapewa 15, ila boti ya tumbo bapa lenye kingo kali hushushwa daraja moja. Kama kibao chako kingekuwa kimefutika, ningekuambia ufanye hesabu hiyo. Ukikutana na kibao kinachotaja kilowati, farasi 10 ni kama kilowati 7.5.

Kati ya kuchanganya oili na mipigo minne, sina uadui na upande wowote. Mashine ya kuchanganya oili, yaani ya mipigo miwili inayotiwa oili ndani ya petroli, ni nyepesi, ina vipande vichache vya kuharibika, na karibu fundi yeyote anaweza kuifungua na kuifunga. Kwa mvuvi aliye mbali na duka la vipuri hilo ni jambo kubwa. Lakini inakunywa zaidi, inatoa moshi, na ukitaka kwenda polepole kwa saa nzima huku ukiburuta mishipi, plagi zake huloa oili na injini huanza kukohoa. Ulaya na Marekani hazikubali tena mashine mpya za aina ile ya zamani yenye kabureta, na yapo maziwa yanayozikataza kabisa kwa ajili ya maji, hivyo uliza kanuni za ziwa lako kabla ya yote. Ya mipigo minne ni tulivu, inakwenda polepole bila kulalamika, na harufu ya petroli haitakaa mikononi mwako unaposhika chambo. Gharama yake ni uzito na nidhamu: oili ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au mara moja kwa mwaka. Tena hailazwi ubavu wowote. Ina ubavu wake ulioandikwa na mtengenezaji, na ukiilaza kinyume oili inaingia kwenye silinda.

Ukija kuichukua ya kuchanganya, siku yoyote, soma uwiano wake kwenye kitabu au kwenye kifuniko. Nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Zipo za 100 kwa 1, na za zamani sana hutaka 25 kwa 1. Tumia oili ya mashine za majini yenye alama ya TC-W3, usitumie ya pikipiki. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, yenye joto la juu, na kwenye injini inayopozwa na maji huacha masizi yasiyotakiwa.

Unaweza kuuliza kwa nini basi usichukue farasi 4 badala ya 6, kama 3 zinatosha kwa shwari. Sababu ni mbili. Watengenezaji wengi hutumia injini moja kwa farasi 4, 5 na 6, wakibadilisha kabureta au kizuizi cha hewa, kwa hiyo uzito ni uleule na unapata akiba bila kubeba kilo ya ziada. Na akiba hiyo utaihitaji mchana upepo ukigeuka na kuwapiga usoni, mkiwa na samaki ndani. Tena kama ziwa lenu liko juu milimani, kila mita 300 za kimo hupunguza nguvu ya injini kwa karibu asilimia 3. Hakikisha pia mashine ina gia ya mbele, ya katikati na ya kurudi nyuma. Zile ndogo kabisa za farasi 2 na nusu mara nyingi hazina gia ya nyuma, unaigeuza mashine nzima. Inafaa, lakini inataka mazoea.

Jina la kampuni halinisumbui sana. Yamaha, Suzuki, Honda, Mercury na Tohatsu zote zinatengeneza mashine ndogo nzuri, na Mercury ndogo kadhaa hutoka kwa Tohatsu ya Japani. Swali langu ni moja: fundi aliye karibu nawe anafungua ipi kila wiki, na impela yake, kile kipande kinachosukuma maji ya kupozea, inapatikana leo au baada ya mwezi? Evinrude lilikuwa jina kubwa tangu 1909, na mwaka 2020 wenye nalo wakaacha kuzitengeneza. Waliozinunua karibuni bado wana mashine imara, lakini kila mwaka wanatafuta vipuri kwa taabu zaidi.

Kabla hujaleta mashine yoyote nyumbani, ukague ubao wa tezi. Jambo hili karibu hakuna anayeliuliza, nami huliona kubwa kuliko farasi. Kwenye boti nyingi za alumini, ndani ya tezi kuna plaiwudi iliyofunikwa kwa bati. Maji huingia kupitia tundu za bolti, plaiwudi inaoza ndani, na kwa nje kila kitu kinang'aa. Gonga kwa kipini cha bisibisi kutoka kona hadi kona. Mlio mkavu ni mzuri, mlio mzito wa kitu kilicholowa ni mbaya. Kisha pachika mashine yoyote, hata ya kuazima, shika mguu wake karibu na propela na uusukume juu na chini. Ubao ukipinda au ukitoa maji kwenye viungo, kazi ya kwanza ni ubao.

Ukiubadilisha, tumia plaiwudi ya majini uliyoipaka kinga pande zote, kingo na tundu pia. Usitumie mbao zilizolowekwa dawa ya kuzuia wadudu. Dawa hizo nyingi zina shaba, na shaba ikikutana na alumini na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Nimefungua tezi iliyotengenezwa kwa mbao za namna hiyo nikakuta bati limetoboka kama chujio. Kwa sababu hiyohiyo usipake tumbo rangi ya kuzuia viumbe wa majini yenye shaba, na usiache sarafu, waya wa shaba au kipande cha shaba nyeupe kikilala ngamani, chini ndani ya boti, kwenye majimaji. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinafaa, mradi uzipake gundi ya kuziba maji na kuweka washa (pete bapa) za plastiki kati yake na bati.

Na kwa kuwa mnafika kwenye maji ya chumvi, angalia vipande vya kujitoa mhanga kwenye mguu wa mashine, vile vinavyoliwa ili mguu usiliwe. Vya zinki ni vya maji ya chumvi, vya magnesiamu ni vya maji baridi tu, na vya alumini vinafanya kazi kote. Kwa safari zenu za kuchanganya, weka vya alumini. Visipakwe rangi, kwa sababu vikifunikwa haviwezi kufanya kazi. Kila mkitoka chumvini, washa mashine kwenye maji baridi dakika 10, kwenye pipa au kwa mpira wa bomba, ili chumvi isigande kwenye njia za kupozea.

Ya umeme nitaijibu kwa kifupi. Mashine ndogo za volti 12 hupimwa kwa ratili za msukumo, na kanuni ya kawaida ni ratili 2 kwa kila kilo 45 za mzigo. Kwa kilo 300 zako, ratili 14 zingesogeza boti kwenye shwari, lakini kwa upepo ungetaka 40 hadi 55. Ile ya 55 ikifunguliwa yote hula kama ampea 50. Betri ya risasi ya ampea-saa 100, ambayo hutakiwi kuimaliza zaidi ya nusu, itakupa saa moja hivi, na ina uzito unaofanana na wa ile mashine ya farasi 6. Kwa kuvizia samaki kandokando ya matete ni nzuri sana, haina mlio. Kwa kwenda kilomita 3 na kurudi dhidi ya upepo, usiitegemee peke yake.

Ukishapata yako, ipachike katikati kabisa, kaza vibanio kwa mkono, endesha saa moja, kisha kaza tena, maana ubao hubonyea. Ifunge kwa mnyororo au kebo kwenye boti. Tazama maji yanayotoka nyuma kama uzi mwembamba: yakikoma, zima papo hapo, kwa kuwa impela imechoka au tundu zimezibwa na majani. Rekebisha mwinamo kwa pini iliyo kwenye vibanio ili boti iende ikiwa sawasawa. Kama omo imeelekea mbinguni, sogeza pini upande wa boti, na uhamishe tenki na nanga mbele. Hilo la kuhamisha mzigo hufanya kazi kubwa kuliko propela mpya. Propela yenyewe iguse tu kama injini haifiki mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji, kwa kawaida kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Ukipunguza hatua ya propela, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja, kwa inchi moja unapata kama mizunguko 150 hadi 200 zaidi.

Petroli, gawa tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiyoguswa. Mashine ya farasi 6 ikifunguliwa yote hula lita 2 na kidogo kwa saa. Dakika 40 za kwenda na kurudi ni lita moja na nusu. Lita 5 zinatosha kabisa kwa safari ya kawaida, kwa hiyo hakuna haja ya kujaza tenki la lita 12. Beba plagi moja ya akiba, spana yake, kamba ya kuwashia, pini ya propela kama mashine yako inatumia pini, na makasia. Makasia yasibaki nyumbani kamwe.

Sasa mwanao. Siku anayokuja, sanduku la barafu libaki ufukoni na petroli iwe lita 5. Mtakuwa kilo 250, na samaki wasizidi 10. Mkipata zaidi, rudini mshushe. Akae benchi la katikati, asikae omoni wala tezini, na jaketi lake lifungwe kabla boti haijaondoka mchangani. Kisha mfundishe mashine. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuwasha mashine ya farasi 6 kwa kamba, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda kuliko ya 15. Mfundishe kurudisha uzi wa usalama mahali pake, kwa sababu ukianguka majini ukiwa umeufunga mguuni utaondoka nao. Kwa hiyo weka uzi wa pili botini na umwonyeshe ulipo. Siku ya shwari, karibu na ufuko, tupa kofia majini na umwachie usukani. Aizungukie kwa upande ambao upepo unamsukuma kuikaribia, aweke gia ya katikati kabla hajaifikia ili propela isimame, kisha aiokote kwa mkono. Rudieni mpaka aweze kuifanya bila wewe kusema neno.